Chaja Inayorudi Yenyewe

Ilikuwa Mei 2014, masika yameshika na kusi limeanza kuvuma. Simu yangu ililia kabla ya adhana ya alfajiri. Askari wa gatini, huko hori ya Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, hakuwa hata na nafasi ya salamu. "Kapteni, boti yako imelala kwa nyuma. Njoo upesi."

Nilimkuta kashatia mguu ndani, anafua maji kwa ndoo. Boti yenyewe ni ya futi 28, ya faiba, yenye injini ya dizeli ndani. Mimi na kaka yangu tuliinunua kwa mkopo ambao wakati ule tulikuwa hatujafika hata nusu ya kuulipa. Tezi ilikuwa imezama mpaka bomba la moshi liko chini ya maji. Injini ikinywa maji ya chumvi kupitia hapo, basi. Tulifua sisi wawili pamoja na vijana wawili wa boti ya jirani, bila kusema neno, hadi kulipopambazuka na tezi ikaanza kupanda. Mikono ilinitetemeka hadi adhuhuri.

Kila boti yenye mhimili wa propela huingiza matone kidogo pale mhimili unapotokea nje. Hilo si kosa, na kwa sababu hiyo ngamani, chini kabisa ndani ya boti, kuna pampu yenye suwichi ya kuelea: maji yakipanda inajiwasha, yakipungua inajizima. Yetu ilikula ampea tatu hivi, na siku ya kawaida haikufanya kazi zaidi ya dakika kumi kila saa. Betri nzima ya ampea-saa 100 ingeiendesha siku saba, nane, bila stima ya gatini. Usiku ule stima ilipotea saa nne kwa upepo, mvua ikamwagika, na betri zetu mbili zikazimika kabla ya usiku wa manane.

Nilifungua vifuniko vya betri ya kwanza nikamulika kwa tochi. Sahani za risasi zilikuwa nje, kavu, zina ukungu wa kijivu, kama matumbawe bamvua inapokupwa. Ubavu wa betri ulikuwa umevimba, na harufu ya yai viza ilinipiga puani. Stima iliporudi nikaweka mita kwenye nguzo za betri: volti 15.6. Chaja yangu ilikuwa ile ya gereji, ya bati, yenye mshale, na tangu msimu wa wageni uishe mwezi Machi nilikuwa nimeiacha imechomekwa usiku na mchana. Niliamini naitunza boti. Kumbe kwa wiki sita nilikuwa nazichemsha betri mpaka maji yote yakapanda hewani.

Ami yangu alikuwa fundi wa umeme wa meli bandarini Kilindini hadi alipostaafu. Nilimwendea jioni ile nikampa shikamoo, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye kikombe chake cha kahawa.

"Mwanangu," akasema, "chaja ya gereji imetengenezewa mtu. Mtu anaichomeka asubuhi, jioni anaichomoa. Boti ya gatini haina mtu. Kesho twende mjini."

Duka la kwanza hatukukaa. La pili, kijana muuzaji alitutolea chaja nzuri ajabu: ndogo, ina kioo cha namba, hatua zake zimechorwa juu kwa rangi. Akaeleza vizuri, na alikuwa kweli. Kwanza inajaza kwa nguvu mpaka volti 14.4 hivi, kisha inashika hapo huku ampea zinapungua, kisha inateremka yenyewe hadi 13.5 na kuilinda betri bila kuichemsha. Hicho ndicho nilichokikosa. Bei shilingi 11,000. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni.

Ami akaomba iunganishwe na betri iliyokuwa pale sakafuni. Kijana akachomeka, akabonyeza kitufe kuchagua aina ya betri, kioo kikaonyesha namba, feni ikavuma. Ami akauchomoa waya ukutani. Tukasimama. Alihesabu kimoyomoyo, nikaona midomo yake ikicheza, halafu akauchomeka tena. Kioo kiliwaka, kikaandika sufuri tatu, kikaanza kukonyeza. Feni haikuvuma. Tulingoja dakika nzima.

"Inangoja kubonyezwa," kijana akasema kwa adabu.

"Naam," Ami akajibu. "Na saa nane za usiku, stima ikirudi Mtwapa, nani ataibonyeza?"

Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za volti na ampea mpaka kichwa kinauma, na swali hilo halikuwahi kunijia. Pwani yetu wakati ule haikupita wiki bila stima kupotea, japo kwa dakika tano. Chaja isiyorudi yenyewe ingeniacha palepale nilipokuwa, nami nikilala nikijua nimelindwa. Hadi leo nikimwona mtu anachagua chaja kwa kusoma maandishi ya boksi tu, huwa namsihi aichomoe kwanza.

Duka la tatu, ile tuliyoinunua ilipita mtihani: ikachomolewa, ikachomekwa, taa ya njano ikawaka bila kuguswa. Ilikuwa ya boti hasa, ya ampea 20, ina njia mbili ili betri ya kuwashia injini na ile ya pampu na taa zijazwe kila moja kwa hesabu yake. Ilikuja pia na kiwaya chenye kipima joto cha kufungwa kwenye nguzo ya betri. Muuzaji alitusukumia ya ampea 40. Ami alikataa. Kwa betri mbili za 100, akasema, 20 ndiyo asilimia kumi ya jumla, na boti inayokaa gatini siku nzima haina haraka. Kipima joto ndicho alichokisisitiza. Chumba cha injini Mtwapa hufika nyuzi 38 bila shida, na namba za viwandani zimepimwa kwa 25. Betri ikipata joto, chaja inapaswa kushusha volti, la sivyo ile 13.5 ya ulinzi inaanza kuwa nyingi.

Bei ilikuwa 38,000. Nilimpigia kaka. Alinyamaza muda mrefu, maana betri mpya pia zilikuwa hazijanunuliwa. "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema mwishowe. "Nunua."

Tuliifunga Jumamosi. Ami hakukubali ikae juu ya betri, kwa sababu mvuke wa asidi hupanda na kula saketi. Tuliiweka ubavuni, juu kiasi maji yasiifikie, tukatumia waya uliopakwa bati, na fyuzi karibu kabisa na nguzo. Alinionyesha pia zinki ya propela, kile kipande cha madini kinachoachwa kiliwe badala ya propela yenyewe, imeliwa hadi kubaki kama kipande cha biskuti. Waya wa ardhi wa gatini, akaeleza, umetuunganisha na boti zote zilizochomekwa pale, na zinki yetu inazilinda hata boti za wenzetu. Dawa yake si kuukata waya ule, kwani siku hitilafu ikitokea utaua mtu. Ni kutia galvanik aisoleta katikati yake, kifaa kinachozuia ule umeme mdogo unaokula zinki lakini kinaupitisha ule wa hitilafu. Hiyo tuliinunua mwezi uliofuata.

Usiku ule nililala botini. Mvua ilianza baada ya isha. Saa tano kasoro taa za gati zilizimika zote, hori ikawa giza tupu. Nilisikia pampu ikijiwasha, maji yakitemwa ubavuni, ikajizima. Niliihesabu mara kumi na moja. Saa tisa na kitu taa za gati zikarudi. Nilikaa kitako gizani, sikuigusa chaja, nikaitazama. Ikalia tik. Njano ikawaka.

Alfajiri taa ya chaja ilikuwa kijani, na mita kwenye nguzo ilisoma 13.3.