Arobaini ya mjukuu, na Kiingereza changu mjini Montréal

Usiku wa kwanza niliungua mkono. Bomba la kwa binti yangu lina herufi mbili, C na F. Miaka 31 nimewaimbisha watoto wa shule ya msingi hapa Tanga kwamba "cold" inaanza na C, sasa ningeshuku nini? Nikafungulia C mpaka mwisho. Kumbe C ya kule ni "chaud", yaani moto, na F ni "froid", baridi. Mkwe wangu alikuja mbio na barafu, ananiomba radhi kama yeye ndiye aliyelifunga lile bomba.

Nilikwenda kumlea mzazi. Binti yangu alijifungua mwezi wa Juni, mtoto wa kwanza, na kule hana shangazi wala mama mdogo. Majirani wa Chumbageni waliponiuliza nitaongea nini na watu wa huko niliwacheka. Kanada si Kiingereza? Na Kiingereza si ndiyo kazi iliyonilisha mpaka nikastaafu? Sikujua kuwa jimbo la Québec, ulimo mji huo wa Montréal, lina yake. Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na sheria ya 1977, ambayo wenyewe huiita Sheria 101, imekiweka mbele madukani, makazini na mashuleni. Hata kibao cha kusimamisha magari barabarani kimeandikwa ARRÊT, ilhali Ufaransa kwenyewe wanaandika STOP. Ukiona hivyo ujue watu wameishika lugha yao kwa mikono miwili.

Uwanja wa ndege haukunipa taabu, pale kila kitu kina lugha mbili. Taabu ilianza siku ya tatu, nilipotumwa duka la dawa. Niliingia, nikamwendea binti wa kaunta moja kwa moja na sentensi yangu safi, ya kitabuni kabisa: "Excuse me, I am looking for..." Uso ukafungwa. Akaninyooshea kidole kwenye rafu, akaendelea na kazi zake. Nikarudi nyumbani nimenuna.

Binti yangu, kajilaza na mtoto kifuani, akaniuliza, "Mama, lakini ulisema 'Bonjour'?"

Nikamwambia nilikwenda kununua, sikwenda kutembelea watu.

Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Sasa mama, mtu akiingia dukani kwa shangazi Ngamiani, bila hodi bila salamu, aseme tu 'nataka sukari', shangazi atampa?"

Shangazi yake namjua. Sukari ataipata, lakini maneno atakayopewa kwanza ni zaidi ya kilo.

Tangu siku hiyo nikawa naingia na "Bonjour" mdomoni, kisha nanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kwenye kazi, maana mwalimu mimi nimezoea kuongea. Wengi walijibu "Bonjour, hi", salamu mbili kwa pumzi moja, na ile ya pili ndiyo karibu yako: Kiingereza ruksa. Mkwe aliniambia hiyo "hi" imeshafikishwa hadi bungeni kwao. Mwaka 2017 wabunge wa Québec walipitisha azimio la kuwahimiza wauza maduka waseme "Bonjour" peke yake. Mimi niliisikia kila siku ya Mungu. Na yule aliyesema "Bonjour" tupu nilimwomba Kiingereza taratibu, kama mtu anayeazima kitu. Sikumbuki aliyeninyima.

Mzazi wa kwetu hanywi chai ya maziwa akalala. Anataka uji wa pilipili manga, na ile iliyokuwemo ndani ilikuwa imeisha. Nikaenda soko la Jean-Talon, soko la tangu 1933, lina matunda yamepangwa utadhani ya harusi. Nikampata mzee wa viungo, na pembeni ana mboga mbili tatu. "Bonjour." "Bonjour, hi." Nikasema "pepper". Akanipa hoho, jekundu, zuri sana. Nikasema hapana, "pepper" ya kuwasha. Akanipa pilipili mbuzi. Hapo ndipo nilipoona umaskini wa lugha niliyoifundisha maisha yangu yote: neno moja wamelitwisha hoho, pilipili kali na manga. Sisi tunazo tatu, kila moja na jina lake.

Nikaweka mkoba chini. Nikatengeneza kinu kwa mkono wa kushoto, nikatwanga kwa wa kulia, nikainusa ile pilipili isiyokuwepo, nikapiga chafya kubwa. Watu wakageuka. Mzee akapiga meza, "Ah! Poivre!" Akaniandikia neno lenyewe kwenye mfuko wa karatasi. Ule mfuko nilitembea nao mpaka mwisho, na kila neno jipya nikawa naliongezea humo humo, kwa sababu Kifaransa cha kuandikwa na cha kutamkwa ni watu wawili wasiosalimiana.

Tukawa tunazungumza kila nikienda. Siku moja aliniambia, "I have sixty-eight years." Mkono wangu ukatafuta kalamu nyekundu! Kosa hilo nimelichapia alama ya mkasi kwenye madaftari sijui mangapi, kwa sababu mtoto wa Tanga naye anasema "nina miaka kumi", kwa hiyo anaandika "I have ten years". Na Kifaransa, kumbe, nacho husema nina miaka. Pale sokoni kosa lile lilinituliza. Kiingereza cha yule mzee kilikuwa cha kuazima, na changu pia, na tukaelewana kuliko ninavyoelewana na Mwingereza anayekimbiza maneno. Binti yangu anasema hata wazawa wa mji ule ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya nyumbani husema "close the light" wakitaka taa izimwe. Wanafunzi wangu waliokuwa wakisema "open the radio" niwaombe radhi wangapi?

Treni ya chini ya ardhi haina mengi. Ujue jina la kituo cha mwisho cha upande unaokwenda. Kwetu, njia ya rangi ya chungwa, ilikuwa Montmorency au Côte-Vertu. Matangazo ni ya Kifaransa. Mara moja treni ilisimama, sauti ikasema maneno marefu, wote wakashuka. Nikamgusa kijana, akatafuta Kiingereza chake kidogo: "Is finish. Bus." Maneno matatu, yakanifikisha nyumbani.

Arobaini ilipokwisha nilikwenda kumuaga mzee. Nilikuwa nimejipanga, neno "poivre" nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Sikuwahi kulisema. Aliponiona kwa mbali aliweka kiganja cha kushoto kama kinu, akatwanga, akapiga chafya.