Tunathubutu Kusema "Baba"

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nimeaibishwa na jirani yangu Mwislamu, na wala hakukusudia. Jumamosi iliyopita jumuiya ilisali kwangu, saa kumi na mbili asubuhi. Watu walipotawanyika nikamkuta bibi wa nyumba ya pili anachota maji. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, nawasikia kila mkisali. Mbona mnamwomba Mungu mbio mbio, kama watu wanaofukuzwa?" Nikacheka. Akaongeza kwa upole: "Halafu mnamwita Baba. Sisi hatuthubutu."

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia wiki moja, mtaa mzima unafunga. (Mimi saa nne nilikuwa nimeshakunywa chai na maandazi mawili, tuyaache hayo.) Neno la yule bibi halikunitoka.

Kanisa linatufundisha kuwaheshimu ndugu hawa. Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima) la tarehe 28 Oktoba 1965, linakiri kwamba wanamwabudu Mungu mmoja aliye hai, mwenye rehema, Muumba wa mbingu na nchi. Yesu wanamheshimu kama nabii, na Mama yetu Maria ana sura nzima yenye jina lake katika Kurani. Umungu wa Kristo na kifo chake msalabani wanavikataa, na hilo hatuwezi kulifunika kwa adabu ya ujirani.

Lakini mimi nimebaki kwenye neno Baba. Katika yale majina 99 ya Mwenyezi Mungu, ambayo wengi wao huyahesabu kwa tasbihi kama sisi na rozari, Baba halimo. Si kwamba wanamwona Mungu yuko mbali. Kurani yao inasema yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake. Ila hakuzaa wala hakuzaliwa. Mola ni Mola, mja ni mja. Ndiyo maana bibi yule hutawadha, hutandika mswala, huweka paji la uso chini. Anajua yeye ni nani, na anasimama mbele ya nani.

Sisi je? Hata sisi tusingethubutu, kama si Mwana. "Mungu alimtuma Roho wa Mwanawe mioyoni mwetu, aliaye, Aba, yaani, Baba" (Gal 4:6). Angalieni, wapendwa: Baba, Mwana na Roho, wote wamo katika mstari mmoja, na wote wanashughulika na wewe ili uweze kutamka neno moja tu. Utatu si hesabu ya kubishania kwenye mihadhara. Ndio mlango tulioingilia nyumbani. Katika Misa, kabla ya Baba Yetu, Padre anaposema "tunathubutu kusema", tunapaswa kutetemeka kidogo.

Kwa hiyo ninyi mnaorusha klipu za kuwakejeli Waislamu kwenye kundi la jumuiya, nawaomba muache. Unautetea Utatu kwa matusi, na Baba Yetu unaimaliza kwa sekunde kumi huku unatafuta ufunguo wa pikipiki!

Nasema hivyo na mimi nikiwemo. Jumatatu usiku nilijaribu kuisali polepole, neno kwa neno. "Mkate wetu wa kila siku" nikapita salama. Nikafika "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea", ulimi ukakwama. Mimi na mdogo wangu hatusemeshani tangu tulipogawana shamba la marehemu baba. Kumbe nikienda mbio sikwami. Ndiyo maana nimekwenda mbio miaka yote hii. Siwezi kumwita Mungu Baba halafu mtoto wake mwingine nimfute kwenye simu.

Namba yake nimeiomba kwa dada. Nimempigia jana jioni, hakupokea. Nitampigia tena leo baada ya Misa.