Mafaili yangu huvuka nami: Amu na Mokowe

Nyumba yangu iko Langoni, mtaa wa mji wa Amu (Lamu) kisiwani, ofisi yangu iko Mokowe, upande wa bara, na baina yake kuna bahari. Kazi yangu ni kuchora na kupiga picha nyumba za mawe za Amu kabla hazijakarabatiwa: zidaka (vile vishubaka vya ukutani), boriti za mikoko, nakshi za milango. Mji wa kale uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kidaka kikishabomoka, picha yake ya awali haipigwi tena. Kwa hiyo mafaili haya kwangu ni amana.

Kwa muda mrefu nilitumia flashi. Flashi hubeba, lakini haikwambii nakala ipi ndiyo mpya, ya ofisini au ya nyumbani. Tena nyingi zina mpangilio wa FAT32, usiopokea faili moja linalofika GB 4, basi video ndefu ya dari hugoma kuingia. Hifadhi za mtandaoni nazo nilizitumia. Kwa barua na majedwali zinafaa sana. Kwa picha nzito za nyumba nzima, kila kitu hupanda kwa intaneti Mokowe kisha hushuka kwa bando Langoni, na bando hilo nalinunua mwenyewe.

Ndipo nikaingia kwenye Syncthing, programu huria isiyolipiwa inayoifanya folda moja ifanane kwenye vifaa vyako vyote, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2013. Haina ghala la katikati. Vifaa vyenyewe huwasiliana moja kwa moja, kila kimoja kikijulikana kwa kitambulisho chake, mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, na mawasiliano yao husimbwa ili mpita njia asiyasome. Unachagua folda, unaikubali upande wa pili, kazi inaanza. Mara ya kwanza huchukua muda, baada ya hapo hupelekwa vile vipande vya faili vilivyobadilika tu.

Lakini kompyuta ya ofisi huzimwa alasiri, na ya nyumbani huwashwa baada ya magharibi. Hazionani kabisa! Nilimweleza fundi mmoja wa kompyuta mtaani kwetu, akaniambia: "Mbili hazitoshi, ndugu yangu. Yataka ya tatu, iwe macho pande zote." Yeye alikusudia laptopu kuukuu ikae nyumbani ikiwaka usiku na mchana. Stima ya kwetu naijua, nikafikiria kitu kingine. Ya tatu ninayo tayari mfukoni, na kila siku inapanda boti pamoja nami.

Nikaiweka programu kwenye simu, kisha nikaiunganisha simu na kompyuta zote mbili. Nikifika ofisini, simu inashika waifai ya pale na kuchukua kilichobadilika. Nikirudi Langoni, inashika waifai ya nyumbani na kukishusha. Ni kama nahodha anayepokea mzigo gati hii na kuupakua gati ile. Bando haliguswi, kwa sababu nimeiamuru ifanye kazi kwenye waifai hizo mbili tu, na nimezima njia zake za kutafuta vifaa kupitia intaneti. Picha ninazopiga kwa simu hiyo hiyo nazo huingia pande zote bila mimi kuchomeka waya.

Mambo mawili yalitaka subira. Simu za Android hupenda kuzilaza programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, basi hii lazima uitoe kwenye orodha ya zinazolazwa, la sivyo utafika nyumbani na simu tupu. La pili ni waifai ya ofisi: mitandao mingi ya kazini huzuia vifaa visionane. Nilimwendea afisa wetu wa kompyuta, nikamwonyesha folda gani itatoka na kwa nini, akanipa idhini na kuufungua mlango huo. Mtu asifanye jambo hili kwa siri. Mafaili ya kazi yana wenyewe.

Ikitokea faili moja limebadilishwa pande zote kabla simu haijapita, programu haifuti lolote. Lile lenye saa ya zamani hupewa jina jipya lenye maneno "sync-conflict" na tarehe, nami nayafungua yote mawili na kuamua.

Kinachotisha ni kufuta. Ukilifuta faili huku, na kule linafutika, maana kufuta nako ni badiliko. Kwa sababu hiyo kwenye kompyuta ya nyumbani nimewasha utunzaji wa matoleo ya zamani. Mwenzangu ofisini aliwahi kuifuta folda nzima ya nyumba moja akidhani ni nakala ya ziada. Jioni niliifungua folda iliyofichika inayoitwa .stversions nikazikuta picha zote, hata za kisima. Nilishusha pumzi, Alhamdulillahi.

Hata hivyo siuhesabu mpango huu kuwa ndio nakala ya akiba. Ninayo diski ya nje isiyounganishwa na programu hii hata kidogo. Kila Ijumaa baada ya sala naichomeka, nanakili, naichomoa, kisha naipeleka Mkomani kwa dada yangu, isikae nyumba moja na kompyuta.