Safari ya Oklahoma: Kambi ya Softiboli Iliyonifunza Miguu

Kutoka Louisville, Kentucky, hadi Oklahoma City ni zaidi ya kilomita 1,200. Tuliondoka alfajiri mimi na Baba, tukashika barabara ya I-64: Indiana, halafu Illinois na mahindi yake yasiyo na mwisho. St. Louis tukavuka Mto Mississippi, lile tao la Gateway Arch la mita 192 likimeta juani, tukaingia I-44. Vilima vya Missouri vilimkumbusha Baba kwao Fizi, mashariki mwa Kongo, basi hadithi hazikukatika mpaka Joplin. Mbele ya Tulsa udongo ukaanza kuwa mwekundu.

Kwa msichana anayecheza softiboli, mchezo ndugu wa besiboli, Oklahoma ndiyo kwenyewe. Fainali za vyuo za wanawake huchezwa Oklahoma City karibu kila mwaka tangu 1990, na University of Oklahoma, iliyoko Norman jirani tu, ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Kambi niliyokwenda iliandaliwa na chuo kingine cha jimbo hilo.

Mimi ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kinga ya uso na kifua. Asubuhi walitupima kila kitu, lakini kipimo cha wadakaji ni kimoja: muda tangu mpira ugonge glavu yako hadi ufike kwenye glavu ya mwenzako besi ya pili, yaani kituo cha pili cha mkimbiaji, umbali wa karibu mita 26. Mkimbiaji wa softiboli haruhusiwi kuacha besi kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji, kwa hiyo mbio za kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa, huamuliwa kwa vipande vya sekunde. Muda wangu ulisoma sekunde 2.2.

Kocha wa wadakaji hakuugusia kabisa mkono wangu. Alichora mstari wa chokaa chini, akataka mguu wa kulia ukanyage pale wakati mpira unaingia kwenye glavu, glavu ije moja kwa moja kwenye sikio, na vidole viwe vimeshashika mshono kabla mpira haujatoka. Tulirudia hivyo bila kurusha chochote. Chuchumaa, kanyaga, sikio. Chuchumaa, kanyaga, sikio. Mapaja yaliwaka moto, na upepo wa kule, ambao haujui kupumzika, ukatujaza vumbi jekundu hadi kwenye meno. Jioni tulipopimwa tena nikapata 2.0. Hizo sehemu mbili za kumi za sekunde ni zaidi ya mita moja ya mkimbiaji, yaani tofauti ya kumtoa na kumkosa. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mrushaji ambaye hata jina lake sikulijua.

Baba, mtu wa heshima zake, alikwenda kumsalimu kocha mkuu na kumuuliza habari za ufadhili wa masomo. Kocha alimjibu kwa upole kwamba haruhusiwi kuzungumzia hilo. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinamfunga kocha wa chuo cha daraja la kwanza asiongee mambo ya usajili na mchezaji wala mzazi wake kabla ya Septemba mosi ya mwaka wa tatu wa haiskuli, na mimi ndiyo kwanza naingia wa pili. Ndani ya gari nilimweleza Baba kwamba zamani wasichana waliahidiwa nafasi wakiwa hata haiskuli hawajafika, ndiyo maana mwaka 2018 kanuni ikakazwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi wamefanya vizuri. Mtoto aachwe akue.” Nami naona hivyo hivyo.

Kabla ya kurudi tulipita Devon Park, uwanja wa hizo fainali, wenye nafasi ya watu kama 13,000. Softiboli ilitolewa kwenye Olimpiki baada ya Beijing 2008, ikarudi Tokyo, Paris ikakosekana. Mwaka 2028 inarudi tena, na ingawa mwenyeji ni Los Angeles, mechi za softiboli zitachezwa hapo hapo Oklahoma City. Baba alipolisikia hilo aliuliza bei ya tiketi papo hapo. Bado hatuijui, lakini ameshaanza kuweka akiba.