Variable yangu imeenda wapi? Kubeba data kati ya kurasa kwenye PHP

Wanaoanza PHP wengi wanakwama hapahapa, ukurasa wa kwanza umepokea jina la mtu fresh kabisa, ukifika wa pili ile variable haipo. Wala hakuna kilichoharibika. HTTP, yaani utaratibu ambao brauza na seva zinaongea, ndo ilivyo, haina kumbukumbu, skripti ikishatuma ukurasa inafuta kila ilichoshika, na ombi linalofuata hata likitoka kwa mtu yuleyule seva inamwona mgeni.

Kwahiyo data lazima ibebwe, na mi swali langu huwa moja tu: nani anaibeba? Ukiiweka kwenye linki, mfano bidhaa.php?id=7 halafu ukaisoma na $_GET, anaibeba mtumiaji, akiifanya 8 hamna wa kumzuia. Kwa kurasa za kutafuta ni safi sana maana mtu anaweza kumtumia mwenzake linki. POST, yaani fomu inayotuma data ndani ya ombi lenyewe, haionekani kwenye linki ila isikudanganye, bado iko mikononi mwake. Na zile input za hidden, sehemu za fomu ambazo hazionekani kwenye ukurasa, ndo kabisaa, nishaona duka la mtandaoni limeweka bei humo, yaani mtu anafungua zana za brauza, 50000 anaigeuza 5, anatuma fomu na seva inapokea tu kama kawaida. Fomu ilete id peke yake, bei kaisome kwenye databesi.

Vitu vya kuaminika weka kwenye sesheni. Hapo data inabaki kwenye seva, mtumiaji anabeba kuki tu (kipande kidogo cha data ambacho brauza inakitunza na kukirudisha kwa seva kila ombi) yenye kitambulisho kirefu, inaitwa PHPSESSID kama hujaibadilisha jina.

session_start();
$_SESSION['user_id'] = $id;
header('Location: akaunti.php');
exit;

Hiyo exit usiiruke! header() inamwelekeza mtu akaunti.php tu, haisimamishi skripti, vya chini yake vinaendelea kurun kimyakimya. Na session_start() ikae juu kabisa kabla ya HTML yoyote, hata mstari mtupu kabla ya <?php unaweza kukuletea lile kosa la "headers already sent". akaunti.php nayo iwe na session_start() yake, wengi wanaolia sesheni haifanyi kazi wamesahau hiyo.

Mtu akishalogin piga session_regenerate_id(true), inabadilisha kitambulisho cha sesheni, ili kama kuna mjanja alimpachika mtu huyo kitambulisho anachokijua kabla, kisimfae tena. Kuhusu muda, session.gc_maxlifetime, yaani muda ambao baada yake sesheni isiyotumika inaweza kufutwa, kwa kawaida ni sekunde 1440, dakika 24 hivi, lakini usafishaji wenyewe unafanyika kwa kubahatisha so usiutegemee kumtoa mtu, andika ndani ya sesheni muda wa mwisho alipofanya kitu ukague mwenyewe.

Kuki za kawaida nazibakizia vitu vidogo, lugha aliyochagua au mandhari ya giza, uwezo wake ni kama KB 4 tu.

Halafu ukikuta somo la zamani linatumia $id moja kwa moja bila $_GET, lifunge tu, hiyo ni enzi ya register_globals, kila kilichokuja na linki kinageuka variable chenyewe, na ilishaondolewa kwenye PHP 5.4 mwaka 2012.