Koti la Ooty

Winnipeg, Kanada, Januari. Jumanne usiku.

Asubuhi simu ilionyesha nyuzi 31 chini ya sifuri, na ukitia na upepo, mwili unasikia 43. Mwenzangu ninayekaa naye, binti wa Chennai, aliisoma mara mbili kisha akaniuliza, “Akka, hii ni namba kweli au simu imeharibika?” Akka ni dada mkubwa kwa Kitamil. Ananiita hivyo tangu tulipokuwa tukisoma pamoja kule kwao. Mimi wa Tanga, yeye wa Chennai. Wote wawili watu wa pwani, na katika nyumba hii hakuna wa kumfundisha mwenzake baridi.

Kwao nyuzi zikishuka hadi 20 watu wanatoa masweta. Kabla ya safari tulikwenda T. Nagar, mtaa wa maduka huko Chennai, kununua makoti, muuzaji akatuapia kwamba ndiyo wanayovaa watu wanaopanda milimani Ooty, ambako usiku wa Desemba umande huganda kwenye nyasi. Hakudanganya. Ni koti zuri sana la Ooty. Hapa lilituvusha mlangoni, tukafika kituo cha basi tunatetemeka kama vifaranga vilivyonyeshewa.

Kilichonichanganya zaidi ni pamba. Chennai mwezi wa Mei, jua linapofika nyuzi 40, salwar, ile suruali pana, ya pamba ndiyo inayokuokoa: inanywa jasho, upepo ukipita unapoa. Hapa wema huohuo ndio unaokuadhibu. Unalikimbilia basi, unatoka jasho ndani ya manguo yako, unaingia kwenye joto la basi jasho linazidi, kisha unashuka. Ile fulana iliyolowa inakugeukia mgongoni kama kitambaa kilichotoka kwenye friji. Sasa tunaanza na sufu nyembamba inayogusa ngozi, juu yake sweta la manyoya, halafu koti la kuzuia upepo. Salwar zake amezikunja zote juu ya kabati. Hazisemi, lakini kila nikipita naziona.

Makoti yenyewe tumeyapata kwenye duka la nguo zilizokwishavaliwa. Nilicheka peke yangu humo ndani: ni mitumba, ila bado haijafungwa belo wala kupanda meli. Kulikuwa na makoti yale yale wanayovaa bodaboda wetu alfajiri, yenye kofia ya manyoya, ambayo nilikuwa nikiwacheka nayo. Nawaomba radhi, ndugu zangu.

Soksi zilitupa somo la peke yake. Alivaa jozi tatu, akazisukumiza kwenye buti, akaona amemaliza kazi. Kufika jioni hasikii vidole. Mzee mmoja kituoni alimwona anakanyagakanyaga chini, akamwambia avue mbili: mguu ukibanwa damu haipiti, na hakuna hewa ya kushika joto. Alipovua nyumbani nikaona vikuku vyake vya fedha vimechora alama nyekundu kuzunguka kifundo. Vikuku akakubali kuviweka kwenye kopo la chai.

Kipini hakukubali. Ni cha bibi yake, amekivaa puani tangu akiwa msichana mdogo, na chuma kwenye baridi hii kinauma kama sindano. Nilimsihi, nikamwambia hata mimi nimevua vipuli. Akanitazama tu. Nikamwachia, maana najua mwenyewe jinsi nilivyobeba kanga mbili zisizofaa kitu hapa, na nazilalia.

Basi leo alijifunga skafu hadi chini ya macho. Pumzi yake ikaganda juu ya sufu, ikawa chokaa nyeupe, na kope zikashikana ncha. Mimi ndani ya pua nilisikia vinyweleo vinakakamaa kila nikivuta hewa. Hatukusemezana njia nzima. Ukifungua mdomo unaumwa meno.

Kwenye basi akateremsha skafu. Kipini kilikuwa na ukungu. Akakifuta kwa ncha ya glavu, taratibu, kama mtu anayefuta kioo cha taa, kikang'aa. Mama aliyekaa mbele yetu akamwambia kwamba ni kizuri. Akajibu asante, kisha akaninong'oneza kwamba pua yenyewe haisikii kabisa.

Jioni mafuta yetu ya nazi yameganda chupani. Tumeyachota kwa kijiko, tukapakana mikono.