Kulifuata jina la Danjūrō, kutoka Narita hadi Ginza

Wageni wengi wakishatua uwanja wa ndege wa Narita hupanda treni ya Tokyo moja kwa moja, na mji wa Narita wenyewe huwapita dirishani. Mimi nilishuka. Nilifuata mtaa wa maduka unaoteremka kuelekea hekalu la Naritasan, ambako wapishi hupasua mikunga hadharani na moshi wa mkaa unakuita ukiwa bado mbali.

Kilichonipeleka hapo ni jina la mtu. Katika karne ya 17, mwigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, aitwaye Ichikawa Danjūrō, wa mji wa Edo ambao leo ndio Tokyo, alikuwa hajabahatika kupata mtoto. Akaja Naritasan kumwomba Fudō, mlinzi mkali wa Kibuddha anayechorwa amezungukwa na ndimi za moto. Mwaka 1688 akapata mwana. Kwa shukrani akamleta Fudō jukwaani, na nyumba yake ikajulikana kwa jina la Naritaya. Mwana huyo ndiye aliyekuja kuwa Danjūrō wa 2. Aliyepo sasa ni wa 13.

Ibada ya moto ilikuwa ikiendelea nilipoingia. Ngoma kubwa zilipigwa mpaka sakafu ikatetemeka. Kisha watu wakapanga foleni, kila mmoja na mkoba wake, na mtawa akawa anaupokea, anauelekeza kwenye moto kwa nukta chache, anaurudisha. Mkoba wangu ulitoka ukinukia moshi.

Danjūrō wa 7 naye alikimbilia Narita. Mwaka 1842 serikali ilimfukuza Edo kwa kosa la anasa: aliishi kifahari kuliko mwigizaji alivyoruhusiwa. Kwa kweli jina hili halikuwa la raha. Wa kwanza alichomwa kisu na mwigizaji mwenzake ndani ya ukumbi mwaka 1704, na mwanawe akalirithi jina mwaka huohuo. Wa 8, kipenzi cha watu, alijiua Osaka mwaka 1854.

Tokyo nilianzia Asakusa, nyuma ya hekalu la Sensō-ji. Pale imesimama sanamu ya shaba ya Danjūrō wa 9 akiigiza tamthilia ya Shibaraku, mikono ya vazi imetanuka kama matanga, na juu yake nembo ya ukoo: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Ya awali ilichukuliwa wakati wa vita ili shaba yake itumike, hii ikasimamishwa mwaka 1986.

Nilikaa sana mbele yake, maana hapa ndipo hadithi inaponoga. Wa 9 alifariki mwaka 1903 bila mtoto wa kiume wa kumrithi. Binti yake alikuwa ameolewa na mfanyakazi wa benki. Mkwe huyo, mtu mzima, aliacha benki akaanza kujifunza uigizaji! Hakuwa hodari jukwaani, lakini alifufua tamthilia za ukoo zilizokuwa zimesahaulika, na alipofariki mwaka 1956 akaheshimiwa kwa kuitwa Danjūrō wa 10, akiwa tayari kaburini. Alikuwa amemchukua kijana wa ukoo mwingine wa waigizaji, mwana wa Matsumoto Kōshirō wa 7, akamfanya mwanawe. Huyo akawa wa 11 mwaka 1962, akalishika jina miaka mitatu tu kabla ya kufa. Wa 13 ni mjukuu wake. Kwa hiyo anayesifiwa leo kwa ukoo wa miaka zaidi ya 300 hana damu ya yule wa kwanza, na sikusikia Mjapani yeyote akilalamika. Mimi naona wana haki: kinachorithiwa ni kazi.

Jioni nikaenda ukumbi wa Kabuki-za, mtaa wa Ginza, nikakata tiketi ya onyesho moja, ghorofa ya nne juu kabisa. Ilikuwa Kanjinchō, tamthilia ambayo Danjūrō wa 7 aliizindua mwaka 1840. Benkei, shujaa wa tamthilia hiyo, alipoganda katika pozi, vipande vya mbao vikagongwa sakafuni, ta-ta! na mzee wa kiti cha pili kutoka kwangu akapaza sauti: "Naritaya!" Sauti fupi, kavu, imeangukia kwenye mwanya wenyewe. Ungechelewa nusu ya pumzi ungeharibu.

Wakati wa kutoka nilimfuata kwenye ngazi. Kwa Kiingereza cha kuungaunga akaniambia alimwona wa 12 alipotawazwa mwaka 1985, na huyu wa sasa mwaka 2022, baada ya korona kuchelewesha sherehe kwa zaidi ya miaka miwili. Nikamuuliza kuhusu mwana wa huyu, ambaye siku hizohizo alipewa jina la Shinnosuke, jina ambalo katika ukoo huu hufuatwa na Ebizō, kisha Danjūrō: je, wa 14 ndiye huyo?

"Haraka ya nini," akajibu. "Bado hajawa Ebizō."